Sikio Lisilojua Utani

Bomba la maji la mtaa wa Mashine ya Maji halikuwa na tabia ya kumkaribisha mtu. Unalitajia jina lako, linaisikiliza sauti yako, likikutambua linakupa ndoo zako za siku, kisha linajifunga kama mdomo wa mkwe aliyenuna. Ndivyo lilivyokuwa tangu Jiji la Neema lilipong'oa mabomba ya kuzungusha kwa mkono na kusema kwamba mkono unadanganya, sauti haidanganyi.

Basi asubuhi hiyo Bi Sikudhani aliinama, akalitajia jina, bomba likakohoa. Likasema kwa sauti tamu ya mwanamke wa redioni:

"Karibu sana, Mama wa Ridhaa. Chota upendavyo."

Foleni nzima ikageuza shingo.

"Mama wa nani?" aliuliza Kalunde, aliyekuwa nyuma yake na ndoo mbili za buluu.

"Mama wa Ridhaa," bomba likarudia, maana bomba halina haya. "Jiji la Neema linakushukuru kwa kuridhia."

"Umeridhia nini tena, Mzaramo wewe?"

"Sijui, mwenzangu. Labda nimeolewa usingizini."

Watu wakacheka. Kicheko kikakatika ghafla, maana bango la mwanga juu ya ofisi ya mtaa, lile linaloonyesha hali ya hewa na picha ya Meya, liliwaka upya. Sikudhani akajiona. Alikuwa ni yeye hasa, katika picha iliyopigwa kwa simu ya mtu. Amevaa koti la marehemu Mzee Maganga na kofia ya Mzee Maganga, ameinua bakora ya Mzee Maganga, na ameachama mdomo mpaka pengo lake la upande linaonekana. Chini yake, herufi kubwa kuliko milango ya watu: BOMOENI! ANZENI HATA LEO! Na chini zaidi, kwa herufi za unyenyekevu: Wananchi wa Mashine ya Maji wameridhia kwa moyo mmoja kupisha maegesho ya magari ya Michezo ya Mabara.

Hata uwanja wenyewe haukuwa huko. Uwanja ulikuwa ng'ambo ya reli. Mashine ya Maji walikuwa wanavunjiwa nyumba ili magari ya wageni yapate pa kulala.

Kalunde aliweka ndoo chini polepole. Alikuwa mjane mbichi bado. Alikuwa ametoka eda juzijuzi tu. "Mtani," akasema, "hilo koti la mume wangu."

"Ni lenyewe."

"Ile ni siku ya kuanua matanga."

"Ndiyo hiyohiyo."

Hawakuhitaji kukumbushana. Kalunde ni Mnyamwezi na Sikudhani ni Mzaramo, watani toka enzi za mababu waliobeba mizigo kutoka bara na mababu waliowapokea pwani kwa ngoma na matusi. Siku ya kuanua matanga Sikudhani aliacha masufuria yake ya wali wa msiba, akaingia ndani, akatoka amevaa marehemu mzima mzima: koti, kofia, bakora, na ule mwendo wake wa kuburuta mguu. Akapanda juu ya kinu, akanguruma kwa sauti ya Maganga: "Eti jiji linataka kubomoa? Bomoeni! Anzeni hata leo! Tena anzeni na jiko la Kalunde, wali wake ndio ulioniua!" Watu walilala chini kwa kucheka. Kalunde mwenyewe, aliyekuwa hajala wala kusema tangu maziko, alicheka hadi akaomba uji.

Na juu ya mlingoti wa taa, uyoga wa kijivu, kinasa sauti cha jiji, ulikuwa unasikiliza.

Mwisho wa foleni alikuwa amesimama Shomvi, fundi baiskeli, na dumu lake tupu. Yeye haruhusiwi kutaja jina mbele ya bomba; alikuwa amefungiwa sauti kwa kumtukana Meya waziwazi stendi, na tangu hapo hakuna bomba wala mlango unaomjua. Hungoja huruma ya watu. Sikudhani akalichukua lile dumu akalijaza, kwa kuwa leo ameambiwa achote apendavyo. Maji yakafurika, yakamwagika miguuni.

* * *

Sikio la jiji, wacha lisifiwe kwanza, lilianza kwa nia njema. Zamani jiji likitaka kujenga kitu, linaitisha mkutano. Wanaokuja ni walewale, wamebebwa kwa malori, wamepewa fulana na soda, wanapiga makofi, wanarudi kwao. Wenye mtaa wako kazini. Ndipo wataalamu wakasema: kwa nini tumwite mwananchi kwenye mkutano? Tumfuate aliko. Wakapachika uyoga kwenye milingoti, kwenye masoko, kwenye viwanja vya harusi na misiba, ukawa unasikiliza watu wanavyosema kwa hiari yao, unayapima maneno na kuyajumlisha. Ndani ya nyumba haukuruhusiwa kusikiliza, ila watu wakifika wanne, hapo sheria inasema huo ni mkutano, na uyoga wa mlangoni unaamka.

Hayo yote Sikudhani alikuwa anayajua kama anavyojua kuwa kuna mwezi. Hakuwahi kufikiri mwezi utamwangukia yeye.

Kwenye Ofisi ya Ridhaa alimkuta binti mmoja wa Kinyakyusa, Anyisile, mwembamba, macho mekundu kama mtu anayewakatia watu wengine vitunguu. Uyoga ulikuwa ukutani juu ya kichwa chake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kurudisha ridhaa. Niliichukua kwa bahati mbaya."

"Ridhaa hairudishwi kama sahani ya jirani, bibi."

"Lakini nilikuwa natania. Yule ni mtani wangu. Nyie kwenu Tukuyu hamna watani?"

"Tunao." Anyisile alitazama ukutani kidogo. "Sikio ndilo halina. Lina makabati matatu tu: Ndiyo, Hapana, na Kelele. Kila neno lazima liingie mojawapo; pasipo neno linaandika hali ya mahali tu. Linapima neno lenyewe, joto la sauti, na mwitikio wa waliokuwepo. Neno lako lilikuwa 'bomoeni'. Joto, ulikuwa unatoka jasho. Mwitikio, watu walipiga makofi na wengine walijigaragaza. Tangu liwekwe, halijawahi kupata ridhaa nzito namna ile."

"Walikuwa wanacheka!"

"Kwa Sikio, anayecheka amekubali. Waliolifundisha wanasema mtu hachekei asichokipenda."

"Hao waliolifundisha hawajawahi kufiwa?"

Sikudhani akasogea chini ya uyoga, akainua shingo, akasema kwa sauti ya kuitia kuku: "Hapana! Sitaki! Wasibomoe!"

Mwanga mdogo ukapepesa. Meza ya Anyisile ikasoma: "Hapana. Nyepesi. Haina mwitikio. Msemaji alikwishasema ndiyo. Kigeugeu."

"Nikija na mtaa mzima?"

"Mtaingizwa kwenye Kelele. Kabati hilo liliwekwa kwa ajili ya wale wa malori."

Sikudhani akakaa. Kiti kilikuwa cha chuma na baridi yake ilipita kanga zote mbili. "Na mtaanza lini?"

"Kwa kanuni za Shirikisho linaloendesha Michezo, ridhaa nzito kuliko zote ndiyo inayotekelezwa kwanza, na kabla haijakamilika ya pili yake haiguswi. Kanuni iliwekwa ili miji isiwarukie wanyonge."

"Na yetu ndiyo nzito."

"Yenu ndiyo nzito, bibi. Mtapelekwa Bonde la Chumvi."

Bonde la Chumvi hata mbuzi hukataa kushuka kwenye lori. Sikudhani akafikiria kaburi la Maganga nyuma ya pampu kuukuu, na Kalunde anayelifagia kila Ijumaa.

"Iko njia moja," Anyisile akasema, na sauti yake ikawa ya kusoma, kama mtoto anayesimama mbele ya darasa. "Wageni wa Shirikisho wanakuja kuhakiki. Kutakuwa na Baraza la Mapitio, watu wote wanaruhusiwa. Utaitwa, utawekewa vitufe viwili. Kimoja Nathibitisha. Cha pili Nafundisha. Ukikaa kimya, umethibitisha. Ukibonyeza Nafundisha, Sikio litakusikilizisha sauti, na wewe utaliambia ipi ni utani na ipi si utani, mpaka lielewe. Litapata kabati la nne. Kisha litarudi nyuma, lisikilize upya kila kitu lilichowahi kusikia katika jiji hili, na kukipanga sawasawa."

"Basi tumepona! Nitalifundisha utani mpaka lijikojolee."

Anyisile hakucheka hata kidogo. Aligusa meza. "Hizi ni baadhi ya sauti za kufundishia," akasema.

Ikatoka sauti ya Kalunde, kwenye harusi fulani, juu ya vigelegele: "Meya wetu amenyooka, jamani! Amenyooka kama barabara ya Mashine ya Maji!" Kicheko kikubwa. Meza ikasoma: "Ndiyo. Sifa kwa kiongozi."

Ikatoka sauti ya mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mfaume: "Mungu amlinde Meya wetu, amjalie umri mrefu! Maana akifa leo, nani mwingine anayejua pesa za zahanati ziliko?" Kicheko. Meza: "Ndiyo. Sifa, na dua."

Zikafuata sauti asizozijua, za mitaa ya mbali, za sokoni, za kwenye ngoma, zote zinamsifu Meya mpaka unaona aibu kusikiliza.

"Ziko nyingi?" Sikudhani aliuliza taratibu.

"Sifa za Meya, bibi, ndizo nyingi kuliko maneno yote yanayosemwa Neema." Na kidole cha Anyisile, bila yeye kukitazama, kikatua kwenye bango dogo lililobandikwa mezani: Sheria ya Heshima. Anayemdhihaki kiongozi atafungiwa sauti.

Sikudhani alisoma darasa la saba tu, lakini hiyo alihitaji kuisoma mara moja tu.

* * *

Walikaa watatu chumbani kwa Sikudhani, mlango umefungwa, ili uyoga usiamke: yeye, Kalunde na Mzee Mfaume. Chai ilipoa bila kunywewa.

"Unafundisha," Kalunde alisema. "Hakuna cha kujadili."

"Shemeji, hebu tulia," Mfaume akaomba. Alikuwa mzee mnene mwenye kikohozi cha kinafiki, hukohoa akiogopa. "Lile la zahanati nililisema mimi. Nikifungiwa sauti, mlango wa hospitali haunifungukii. Na dawa yangu ya presha?"

"Wewe una presha, mimi nina kaburi."

"Si mimi peke yangu! Kwenye harusi ile, ulipotania barabara, walicheka watu wangapi? Kucheka ni kukubali, umeambiwa. Mpaka bibi harusi atafungiwa! Jiji zima, Kalunde. Watu hawana mahali pengine pa kusemea. Wamesema wakicheka miaka yote hii kwa kuwa wanajua lile dubwana halielewi. Leo tulifundishe?"

"Kwa hiyo mimi nihamie kwenye chumvi ili watu wa jiji wapate kucheka?"

Mlango ukagongwa. Wote wakaganda, wa nne anaamsha uyoga. Ilikuwa sauti ya Shomvi, anarudisha upawa.

"Ingia tu," Mfaume akasema, halafu akaona haya. "Wewe... wewe huhesabiki."

Shomvi akaingia. Uyoga wa mlangoni haukupepesa wala nini. Alisimama katikati ya chumba, mtu mzima wa mifupa na nyama, na kwa jiji chumba kilikuwa bado kina watu watatu.

"Niliwasikia," akasema. "Mnisamehe. Bi Kalunde, nikuambie kitu kimoja. Siku za kwanza ni rahisi, unajiona shujaa. Halafu siku moja mke wangu, anayenifungulia milango, alikwenda kwao kuuguza. Nikaingia choo cha stendi nyuma ya mtu, yule mtu akatoka, mlango ukajifunga nikiwa ndani. Nikasema fungua. Nikapiga kelele. Watu wa nje wakasikia, lakini mlango hausikii mtu, unasikia upepo. Mpaka mfagiaji alipokuja." Akaweka upawa mezani. "Tangu hapo sisemi sana hata nyumbani. Naona kama namsumbua mke wangu na upepo."

Kalunde alikuwa anatazama mikono yake.

"Bora bubu mwenye nyumba," akasema mwishowe, lakini taratibu. Akainuka, akajifunga kanga. Mlangoni akageuka. "Mtani. Lile koti nilikupa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, ulivae. Sikukulaumu na sikulaumu leo. Lakini ni wewe uliyelivaa. Livue."

Sikudhani alibaki na upawa wake. Akajaribu kulia, kilio hakikuja. Akajaribu kufanya mzaha, nao haukuja, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Kila upande aliogeuka palikuwa na mlango, na kila mlango ulifungukia nyumbani kwa mtu atakayeumia.

* * *

Ukumbi wa jiji ulikuwa umepambwa mpaka nguzo zinaona kizunguzungu. Wageni wa Shirikisho walikuwa safu ya mbele, wamevaa vipuli vya kutafsiria. Juu ya jukwaa uyoga mkubwa kama mwamvuli ulining'inia, na skrini pembeni yake ilionyesha makabati matatu na uzito wa kila moja. Watu wa Mashine ya Maji walijazwa nyuma. Kalunde alikuwa ukingoni, amejitanda, hatazami mtu.

Meya Nkwabi alikuwa mtu mkubwa, mchangamfu, suti ya kijivu inayong'aa. "Waheshimiwa wageni," alisema, "mmesoma huko magazetini kwenu kwamba tunawafukuza watu. Tazameni basi. Huyu ndiye Mama wa Ridhaa! Aliridhia kwa mdomo wake, msibani, bila kulazimishwa!"

Makofi. Sikudhani akakalishwa kwenye kiti kirefu chini ya uyoga. Vitufe viwili mbele yake, kimoja kijani, kimoja cha njano. Anyisile alikuwa pembeni ya meza, uso mkavu.

"Bibi, chagua," akasema.

Akatazama kijani, akaona lori na mbuzi wanaokataa kushuka. Akatazama njano, akamwona Mfaume nje ya mlango wa hospitali, ameshika kifua. Mkono wake ukaenda kwenye njano. Ukasimama. Ukarudi. Ukumbi ukaanza kukohoa. Kwenye skrini saa ya kimya ilianza kuhesabu, na kimya, aliambiwa, ni kuthibitisha.

"Mama amezidiwa na furaha," Meya akasema kwa wageni, akamwinamia. Akamnong'oneza kwa Kiswahili chenye lafudhi nzito ya ziwani, ile ambayo suti haikuwahi kuifuta: "Maliza basi, mama, tukale."

Sikudhani akageuza shingo, akamtazama. Nkwabi. Lafudhi ile. Huyu ni Msukuma! Ndugu wa damu wa Mnyamwezi. Mtani wake wa halali, ameletwa mpaka kitini kwake. Midomo ikamwasha.

"Subirini," akasema kwa sauti kubwa. "Nani kamruhusu Msukuma kuvaa suti?"

Ukumbi ukapoteza pumzi. Askari mmoja akasogea hatua. Wageni wakashika vipuli vyao.

"Nauliza! Ng'ombe umemwachia nani? Maana nasikia harufu ya maziwa mpaka huku juu!"

Uso wa Meya ulikaza, kisha ukafanya kitu kingine. Mahali fulani ndani ya ile suti palikuwa na kijana aliyelelewa na bibi yake, aliyefundishwa kwamba Msukuma anayekasirikia utani wa Mzaramo hafai hata kuzikwa. Na Wasukuma walikuwa wamejaa ukumbini, wapiga kura wake, wanamtazama. Akacheka. Mwanzo kwa kujilazimisha, halafu kwa tumbo.

"Ng'ombe nimewaachia Wazaramo wachunge!" akajibu. "Maana kazi nyingine hawawezi! Nyie si mliuza mashamba mkanunua ngoma?"

"Tuliuza kwa nani? Kwako wewe! Umenunua shamba, ukasahau kununua akili ya kulilima!"

Ukumbi ukapasuka. Watu wa Mashine ya Maji, waliokuwa wameinama kama wafiwa, wakainua vichwa. Mgeni mmoja wa Shirikisho alianza kupiga makofi, akidhani ni ngoma ya asili. Sikudhani alishuka kitini, akamshika Meya mkono, akamzungusha kuwaelekea wageni. Moyo ulikuwa unampiga hadi kwenye meno, na kwa mara ya kwanza tangu bomba lilipomkaribisha alijua anachofanya.

"Mtani wangu huyu anapenda wageni!" akapaza sauti. "Ana jumba pale Kilimani, bustani kama uwanja, bwawa la kuogelea hata kiboko ataona aibu kushindwa kulijaza. Magari ya wageni yalale wapi? Kwa mtani! Wavunje ukuta, wafukie bwawa, jumba zima chini! Si ndiyo, mtani? Kilimani kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote! Sisi tutakuja nyuma tunapiga vigelegele!"

Meya alikuwa anafuta machozi. Katika utani hakuna kukataa unachoombwa, unaongeza. Bibi yake alimfundisha vizuri. "Bomoeni!" akanguruma, mikono juu. "Bomoeni, mtani, tena na mbwa muondoke naye!"

Ukumbi mzima ulisimama. Vigelegele, vicheko, miguu ikipigwa sakafuni. Mzee Mfaume alicheka hadi kikohozi cha kweli kikamshika. Wasukuma walimwimbia Meya wao. Wageni wote safu ya mbele walikuwa wanacheka wasichokielewa.

Kule juu uyoga ulipepesa, ukapepesa tena. Skrini ikaandika polepole, herufi kwa herufi, kabla ya sauti ya mwanamke wa redioni kusoma:

"Ndiyo. Mahali: Kilimani, makazi ya Meya. Msemaji: mwenye nyumba. Joto: la juu kabisa. Mwitikio: ukumbi wote, pamoja na Shirikisho. Ridhaa hii ni nzito kuliko ridhaa zote. Itatekelezwa ya kwanza."

Kicheko kilikufa safu kwa safu, kikianzia mbele.

"Ni mzaha," Meya akasema. "Futa hiyo. Tulikuwa tunataniana."

"Hapana," skrini ikasoma. "Nyepesi. Kigeugeu."

"Anyisile! Hili dubwana liambie ni utani!"

"Linaweza kuambiwa, mheshimiwa," Anyisile alisema kwa ile sauti yake ya darasani. "Kitufe kipo, cha njano. Likishaelewa utani litarudi nyuma, lisikilize upya sifa zote ulizowahi kusifiwa." Akakinyooshea kitufe kidole. "Na uchaguzi ni mwaka huu."

Meya Nkwabi hakuwa mjinga. Alipeleka mkono juu ya kile kitufe, akakitazama muda mrefu. Akawatazama watu wa Neema, waliomsifu harusini na misibani na sokoni, nao wakamtazama, kila mmoja na uso wa mtu asiye na hatia. Ikawa kama ndiyo kwanza anawasikia.

Akaondoa mkono.

* * *

Jumba la Kilimani halikuvunjwa. Nani atamvunjia Meya? Na kwa kuwa halikuvunjwa, ridhaa ya pili yake haikuguswa, na Mashine ya Maji ilibaki ilipokuwa, na vibao vya namba za kubomolewa vimepigwa kwenye kila ukuta, vinangoja. Wageni wa Shirikisho waliandikiana na jiji barua hadi ikabidi magari ya Michezo yatafutiwe pengine. Watu wakapika, wakala, wakarudi kulala wakiwa wamefumbua jicho moja.

Ila Sikudhani alipewa habari yake na Anyisile, aliyekutana naye sokoni kwenye nyanya. "Bibi, hakuna mtu Neema mwenye uzito kama wako sasa, maana ridhaa zote mbili nzito zilianzia kinywani mwako. Sikio linakuamini kuliko Meya. Ukiwa nje, chunga."

Alidhani ni maneno tu. Jioni akamwambia beberu wa jirani aliyekula unga wake, "Potelea mbali, mwenye kisirani wewe!" Asubuhi gari la jiji likaja kumchukua beberu. Mwenye mbuzi alilia. Tangu hapo Sikudhani akajifunza kusalimia kwa kuinamisha kichwa.

Kisha akafa Igulu, kaka yake Maganga, fundi wa pampu tangu ujana wake. Msiba ukawa pale pale kwa Kalunde. Sikudhani akapika tangu alfajiri, hasemi, mwiko unazunguka. Wazaramo wengine waliokuwepo ni vijana wa siku hizi, utani hawaujui, wanajua simu. Maiti ikaoshwa, ikavikwa sanda. Wanaume wakashika jeneza, wakainuka. Watu wote, bila kuagizana, wakageuka kutazama jikoni.

Jeneza la Mnyamwezi halitoki mlangoni hivihivi. Lazima mtani alizuie. Amtukane marehemu, adai deni la kuku, afukuzwe, agome, mpaka wafiwa wacheke na wamlilie mtu wao wakiwa wepesi.

"Mtani," Kalunde alisema kutoka kwenye mkeka, sauti imekauka. "Utamwacha shemeji aende kama mzigo? Kama asiye na watu?"

Sikudhani akatazama mlingoti. Uyoga ulikuwa umekwishageuka. Ulikuwa unamngoja yeye, na mwanga wake umewaka.

Akafuta mikono. Akapita katikati ya wanawake. Akafika mlangoni, akatanua mikono akaziba mlango, mdomo umefungwa kama bomba lililonuna. Wabebaji wakasimama. Akapinda mgongo, ule mgongo wa Igulu wa kuinamia pampu. Akatoa puani kamasi isiyokuwepo, akaifuta kwenye suruali isiyokuwepo, kama Igulu alivyofanya mbele ya wakwe zake siku ya ndoa. Akanusa jeneza, akashika pua, akawapungia wabebaji mkono: mrudisheni akaoge tena.

Mwanamke mmoja alijiziba mdomo kwa kanga. Wa pili akauma ushungi. Mzee Mfaume akajitia ngumi nzima kinywani na macho yakamtoka. Uani kote mabega yalikuwa yanatikisika, machozi yanawashuka watu mashavuni, na hakuna aliyetoa hata mkoromo. Kalunde alikuwa ameinamisha uso kwenye mkeka, mwili wote unamruka, vidole vimeng'ang'ania ukindu.

Sikudhani akaburuta mguu kama Maganga, akageuka, akawapa matako. Jeneza lenyewe likaanza kutetemeka mabegani mwa waliolibeba.

Uyoga uliinama, ukasikiliza kushoto, ukasikiliza kulia. Ukasikia kuku, na mtoto anayepaliwa, na pumzi za watu wengi.

"Huzuni," ukaandika. "Nzito." Ukajizima.